Kipenyo

Wendell Kratzer anatandika kitambaa juu ya kioo
kama fundi saa,
anapanga tatu, ubavu kwa ubavu.
Nje ni Dayton, Januari, theluji imeshageuka tope,
na duka la kufulia la jirani linapumua mvuke kwenye maegesho.

"Hii ishirini na mbili," anasema, "haina teke,
ila risasi zake mara nyingine hukataa kuitika."
Nacheka kidogo. Namjua mtu wa namna hiyo.
"Ya kati, tatu themanini, inaingia mfukoni.
Na hii milimita tisa, ndiyo kila mtu anayonunua."
Kila mtu. Neno hilo huuza hata sufuria.

Nimekuja kwa sababu ya alfajiri moja ya Novemba:
natoka zamu, mwanamume wa kofia ya sufu
ananiomba funguo za gari
kwa upole, kama anayeomba chumvi.
Nikampa.
Gari lilipatikana baada ya siku mbili,
na bakuli langu la makande kwenye kiti, limerambwa.

Senkoro akasema: nunua.
Akasema tena wakati wa chai,
akasema bila kusema, akinisindikiza kwa macho hadi mlangoni.

Nainua ya kati. Nyepesi kama simu.
"Wepesi ndio unaouma," anasema Wendell,
"chuma kikiwa kidogo, teke lote linaishia mkononi mwako."
Anataka nivute kile chuma cha juu, nyuma, hadi mwisho.
Viganja hivi vimegeuza wagonjwa wazito miaka kumi na mmoja,
vimemtoa Bwana Ruggles bafuni akiwa ameloa, analia,
lakini chuma kinagoma nusu ya njia.
"Jaribu ile tisa."
Ni kubwa zaidi, na inateleza kama droo ya jikoni.

Kisha nauliza ambayo Senkoro hakunituma.
Kuta zetu?
"Kuta za nini?"
Jasi. Upande wa pili ni kichwa cha kitanda cha Bi Stamper.
Namsikia akikohoa, naye hunisikia nikisali.
Wendell anakuna kidevu.
Zote tatu zitapita, anasema. Hata ndogo.
Zipo risasi zinazochanua kama ua zikigonga mwili,
lakini ukuta si mwili.
Ukikosa, umekosea kwa jirani.

Na kufuli yake?
Ile tisa haina kitufe pembeni.
"Usalama wake ni kidole chako."
Kwetu Usangi tulifundishwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapa kimoja kinatosha.

Nina Elinami, miaka sita.
Alizipata biskuti nilizoficha juu ya friji,
ndani ya sufuria, ndani ya mfuko wa mchele.
Alipanda kwa droo, moja, mbili, tatu,
hakuacha ushahidi ila tabasamu.
Triga ni ngumu kiasi gani, nauliza, kwa mkono kama huo?
Wendell anaacha kufuta kioo.
"Watoto," anasema, "husukuma kwa vidole gumba. Vyote viwili."
Ndipo ananitazama, mara ya kwanza,
kama mtu ambaye naye huhesabu vichwa usiku.

Natoka na sanduku la chuma, la namba tatu za kuzungusha,
dola hamsini na nane na senti.
Ndani hamna kitu.

Senkoro analitikisa karibu na sikio.
"Umechagua ipi?"
Nimechagua mlango, namwambia. Mwenye nyumba bado.
Natia biskuti, nazungusha namba, nalisukuma chini ya kitanda.
Wiki mbili. Akishindwa kulifungua, tutarudi kwa Wendell.

Jana, siku ya tisa, nilikuwa nafunga viatu vya zamu gizani.
Bi Stamper akakohoa ukutani.
Na chini yangu, polepole, kwa subira ya fundi,
namba zikawa zinazunguka.